Kengele ya Ghorofa ya Pili

Fundi aliyefunga mitambo ya kutambua moto katika jengo letu alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, kwa amri ya serikali ya kijeshi. Mimi, karani wa stoo niliyependa kufungua redio mbovu, nikaambiwa niirithi kazi yake. Nilijifunza kwa kubahatisha. Vitambuzi vya joto nilivijaribu kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Hivyo huvumilia moshi wa jikoni, ila hukawia mpaka moto ukolee. Vya moshi huwahi, lakini vumbi kidogo tu huvichanganya. Nilivisafisha kwa brashi, kisha nikarudia vilevile nilivyokwisha kusafisha, kwa kuwa sikujiamini.

Mpiga chapa wetu, mama wa Kiganda wa ghorofa ya pili, alinitania: "Mwanangu, utavisugua mpaka viote upara." Nilimjibu kwa Kiganda changu kibovu, akacheka zaidi. Hakuwa mtu wa kucheka sana. Mumewe alichukuliwa nyumbani kwao Ntinda na wanaume wenye bunduki, hakuonekana tena.

Siku ya kujaribu kengele wote walitoka kwenda uani isipokuwa yeye. Nilimkuta amejifungia ofisini. Alisema hakusikia. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kosa liwe la kengele, kitu ninachoweza kukitengeneza. Nikafunga kengele kubwa zaidi nje ya mlango wake.

Kisha nyaya zikashika moto kwenye stoo ya karatasi, chini ya ofisi yake. Kitambuzi cha moshi kiliwahi, kama nilivyokuwa nikiomba. Kengele zikalia, wote wakatoka ila yeye. Nilipanda ngazi moshi ukinifuata, nikagonga mlango kwa ngumi.

"Fungua! Toka nje! Haraka!"

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ndani nikasikia meza ikiburutwa, ikiegemezwa mlangoni.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe. Woga ulikuwa umenirudisha kwenye Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo, waliyokuja nayo babu zetu wafanyabiashara kutoka pwani. Kwake yeye ilikuwa lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, lugha ya waliomjia mumewe. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye upenyo chini ya mlango, nikamsihi kwa Kiganda, nikikosea karibu kila neno. Meza ikasogea.

Tulifika uani sote wawili, yeye akikohoa mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aliniambia, "Nilidhani ni wao. Umesema kama wao."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Kifua chake hakikupona vizuri, na kazini hakurudi.

Jioni ya siku ile ya moto nilifika nyumbani Kasubi, na mama yangu akaniuliza kwa Kiswahili, kama siku zote, mbona nanuka moshi. Nikamjibu kwa Kiganda. Alidhani namfanyia mzaha, akasubiri niseme tena kwa lugha yetu. Nilifungua kinywa, Kiswahili kikanishinda.