Hukumu Niliyopewa Nikiwa Edani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyosimama kortini na nguo za eda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia nawe unaletewa barua na watu wa kadi za mikopo, ya mwisho ina muhuri wa korti, na zote umezitia ndani ya mtoto wa meza pasi na kuzifungua. Aliyenambia usimuulize. Kaa kitako unisikilize, chai utakunywa baadaye.

Tulikuwa tukikaa Timbwani, ng'ambo ya feri, mimi na mume wangu Athmani, Mungu amrehemu, na watoto wetu wawili, mama yako na mjomba wako. Yeye alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, mimi nikishona. Nilishona foronya, mabuibui na magauni ya watoto, na Ramadhani ikiingia nilikuwa silali kwa kazi za Idi. Cherehani tuliichukua kwa mafungu katika duka moja mjini, la Bwana Sefu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani. Mkataba uliandikwa kwa jina langu, maana Athmani alisema chombo ni cha mwenye kukitumia. Nikaweka kidole gumba, nikatoka pale dukani najiona bibi harusi mara ya pili. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga yalinijia kweli.

Athmani alikufa kwa homa ya siku tano. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, na nakumbuka wanaume waliokuja kuzika walimaliza dua wakaanza siasa papo hapo barazani. Mimi nikaingia edani. Eda ya mjane waijua: miezi minne na siku kumi, hujipambi, hutii manukato, hutoki ovyo. Mama mkwe alikuja kukaa nami na majirani wakawa wanatuletea chakula. Lile fungu la kila mwezi la cherehani alikuwa akilipeleka Athmani, na sasa halikupelekwa na mtu.

Mtu wa dukani alikuja akabisha hodi mama mkwe akiwa sokoni. Nilikaa kimya nyuma ya mlango mpaka akaenda zake. Alikuja tena mwezi wa pili, nikafanya vilevile. Mara ya tatu alikuja mtu wa korti, akapenyeza karatasi chini ya mlango. Ilikuwa ya Kizungu. Mimi chuo cha Kurani nilisoma, herufi za Kiarabu nazijua, lakini zile sikuzijua. Mwalimu wa skuli alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na sikumpelekea. Niliitia chini ya godoro.

Nilikuwa na maneno mazuri ya kujitulizia. Niko edani, mambo ya dunia yangoje. Mwanamke wa heshima hasimami kortini. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hayo yote nilijiambia, na baadhi yake ni kweli, lakini nitakwambia lile ambalo hata mama mkwe sikumwambia: nilikuwa naogopa, na eda nikaifanya pahali pa kujifichia. Siku ya kesi ikafika, ikapita, nami nimelala kitandani nikihesabu boriti za dari.

Baada ya wiki mbili akaja dalali wa korti. Mama mkwe ndiye aliyefungua. Dalali alikuwa mtu mpole, hakuvuka hata kizingiti. Alisema, "Mama, kesi imekwisha. Mkweo hakufika, basi hukumu imetolewa bila yeye. Ana siku saba. Zikipita hajalipa deni zima na gharama, nitakuja kuichukua cherehani, itanadiwa." Mimi nilisikia yote kutoka chumbani. Nililia kilio ambacho hata msibani sikukilia. Majirani hawaleti sahani milele, mwanangu. Eda ikiisha, wale watoto ningewalisha nini?

Mama mkwe hakunigombeza. Siku ya nne, nami bado nalia, alituma mtu mtaa wa Shika Adabu akamwite Bi Mwanahamisi. Huyo alikuwa somo yangu, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo hadi siku ya kuolewa kwangu, na alikuwa akisomesha wasichana Kurani. Aliingia, akavua viatu, akakaa juu ya mkeka.

"Zeituni."

"Abee, somo. Shikamoo."

"Marahaba. Karatasi ya kwanza i wapi?"

Nikaitoa chini ya godoro. Aliitazama, akanitazama mimi.

"Mbona hukuipeleka ukasomewa?"

"Niko edani, somo."

"Eda yakukataza kujipamba na kuposwa. Nani alokwambia yakukataza kusema? Na ikiwa ni dharura, mtana wenda na kurudi kabla ya usiku. Hilo nimekufunza mimi mwenyewe."

"Nilichutama tu, somo."

"Mwenye kuchutama hujisitiri apate kuinuka. Wewe umelala."

Kisha sauti yake ikalainika. Alinifuta uso kwa ncha ya leso yake akasema, "Kuwa na deni si dhambi, mwanangu. Dhambi ni mtu kuja mlangoni pako mara mbili, akarudi hajui kama u hai ama umekufa. Athmani angalifanya hivyo?"

Athmani asingefanya hivyo. Alikuwa mtu wa kumfuata anayemdai kabla hajafuatwa.

Kesho yake asubuhi tulivuka kwa feri, mimi na somo, na mkononi tuna barua tuliyoandikiwa na mwalimu wa skuli. Karani wa korti aliisoma akatwambia turudi kesho kutwa, Bwana Sefu naye ataitwa. Kwa hesabu zangu siku saba zilikuwa zimebaki mbili.

Hakimu alikuwa Mzungu, na karani ndiye aliyekuwa akitufasiria. Swali lilikuwa moja: kwa nini sikuja siku ya kesi? Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema eda nikanyamaza, na kwa nguo zile nilizovaa kila mtu angeniamini. Somo alikuwa amekaa benchi la nyuma, hakukohoa wala hakunitikisia kichwa.

Nikasema, "Nalikuwa edani, lakini ningaliweza kuja, ama kutuma mtu. Sikuja kwa sababu niliogopa. Deni nalijua, nami nataka kulilipa."

Karani akanitazama. "Niseme hivyo hivyo, bibi?"

"Sema hivyo hivyo."

Alipokwisha kufasiri, Bwana Sefu aliomba ruhusa akainuka. "Mimi wallahi sikujua kama mumewe amekufa," akasema. "Mtu wangu alibisha mara mbili, akaja kunambia hawa wamehama na cherehani. Lau ningalijua, singemshitaki mjane edani. Nalikuwa nangoja neno moja tu."

Aliyasema yale akiangalia chini, kwa kunistahi. Mwanangu, niliona haya ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananiwaka. Yule niliyekuwa nikimkimbia alikuwa tayari kunisubiri, nami sikumpa hata nafasi ya kunionea huruma.

Hakimu aliiondoa ile hukumu. Akaamuru deni nilipe kidogo kidogo, nianze eda ikiisha. Gharama za korti na za dalali hazikusamehewa, na zilinibidi nilipe mara moja. Nikauza vipuli vya dhahabu alivyonivisha Athmani usiku wa harusi. Cherehani ilibaki, ndiyo iliyowasomesha mama yako na mjomba wako, na deni nililimaliza. Vipuli sikuviona tena. Deni lenyewe lisingevichukua. Vilikwenda kwa sababu nilinyamaza.

Basi nisikize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Barua za korti zifungue leo, na usichokifahamu tafuta mtu wa kukusomea. Tarehe ya kesi nenda, hata kama mfukoni huna senti. Sema ulichokopa na ulicholipa, na kama wameongeza kisicho haki yao, kikatae kwa adabu. Hakimu hana ndia ya kumsikia mtu ambaye hakuja, ataandika alivyoambiwa na anayemdai. Na kama hukumu imeshatoka, usikae kulia kama mimi, kimbia ukaombe usikizwe kabla siku hazijapita. Najua dawa ya deni ni kulipa, lakini hata asiye na cha kulipa ana mdomo. Wala usisingizie kazi, wala ugonjwa, wala uzee wangu. Sema kweli, hata ikikufedhehesha.

Kama waona haya kwenda peke yako, nitakufuata. Miguu hii ni mibovu lakini feri itanivusha. Nitakaa benchi la nyuma, sitasema neno.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, akutue mzigo huu, akupe moyo wa kufungua mlango unapobishwa, na akujaalie wanaokudai wawe na huruma. Amin. Haya, inuka ukazilete hizo barua tuzisome.