Kasumulu Leo Hapiti Mtu

Jamani, leo tumembeba kipa wetu mabegani na mpira bado haujaisha! 😂

Mechi ya kwanza chuo chetu tulipigwa tano. Ya pili tatu. Ya tatu mbili. Watu wakaliita goli letu Kasumulu, kama ule mpaka wetu, eti kila mtu anavuka tu kama anaenda zake Malawi.

Leo mashabiki wa wapinzani wakajazana nyuma ya goli letu, wanapunga vitambulisho vya chuo: "Gongeni muhuri tupite!"

Nilivyokasirika!

Dakika za mwisho, bado sifuri kwa sifuri, refa akapiga filimbi. Sisi mabeki tukajua imeisha. Tukamkimbilia kipa, tukamnyanyua, nyimbo juu.

Kumbe ni faulo. Na aliyeicheza ni mimi hapa.

Wapinzani wakaupiga mpira haraka, golini kwetu hakuna mtu. Tukamwachia kipa, akadondoka kwenye tope puu!

Lakini mvua ya Kyela mnaijua. Mpira ukanasa kwenye dimbwi, karibu kabisa na mstari. Beki wetu wa kati, Ambakisye, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Ngonga, akapita kwenye tope lile kama yuko shambani kwao, akaufyeka mpaka nje.

Filimbi. Safari hii ya kweli!

Aliyekuwepo aseme kama naongopa: kipa, tope hadi masikioni, aliwafuata wale mashabiki, akanyoosha mkono kama afisa wa mpakani.

"Haya, leteni pasipoti nizikague."

Vitambulisho vyote vilikuwa vimesharudi mfukoni.