Chai Nyeusi ya Seleyian

Hapa Kitengela, anayemjua Seleyian, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, anajua pia kwamba chai yake haiguswi. Huichemsha nyeusi tititi, kisha huimimina polepole kwenye maji yenye chumvi ya chuma. Kufumba na kufumbua, maji yanakuwa kama masizi. Hizo ni chembe za chuma, ndogo hata hadubini ya shule haizioni, na ni kali: ukizitia kwenye maji ya rangi, zinaivunja rangi. Ila hazina subira. Zikikaa na hewa zinashika kutu, kwa hiyo lazima zitengenezwe siku ile ile zinapohitajika.

Jumamosi hiyo zilihitajika kweli. Mutinda, msimamizi wa shamba la maua kule Isinya, alikuwa njiani kuja kuona kama zinaweza kusafisha maji ya buluu yanayobaki wakishatia waridi rangi. Zikiweza, kazi ni ya Seleyian. Alikuwa ameitamani miaka minne.

Alibandika chai, akatoka kupima chumvi yake. Kurudi jikoni, sufuria imejaa maziwa.

"Yeyo! Umefanya nini?"

Mama yake alishangaa. "Mgeni anakuja na wewe unampikia strungi bila tone la maziwa? Unataka watu waseme hatuna ng'ombe?"

Maziwa huiua chai kwa kazi ile, na majani yalikuwa yamekwisha. Seleyian aliketi kwenye kigoda, machozi yakimlenga. Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuuliza binti yake hupika nini, siku hiyo akauliza.

"Kwani unatafuta nini kwa hiyo chai?"

"Ule ukakasi. Ule wa kukausha ulimi."

"Si ungesema?"

Akaingia ndani, akatoka na gome la mti wa olkiloriti, lile lenye ukakasi la kuchemshia supu. Likachemshwa, likatoa maji mekundu, na yalipokutana na chuma yakawa meusi vilevile.

Mutinda alipofika na dumu lake la maji ya buluu, Seleyian alimwambia ukweli: kwa gome hajawahi kujaribu. Akayatia maji yale chembe zake, wakasubiri watatu hao. Buluu ikafifia, ikazidi kufifia, weusi ukatua chini, na juu yakabaki maji maangavu.

Mutinda akavua miwani, akaivaa tena. "Mnaweza kuanza Jumatatu?"

Seleyian akafungua mdomo aseme kwamba yuko peke yake. Mama akamtangulia.

"Jumatatu niko na mbuzi wa kuchanja. Tutakuja Jumanne."