Shangazi Atija na Chakula cha Dotori

Enzi zetu, sisi tuliokulia Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wakati habari za gesi ya baharini ndiyo kwanza zinaingia, helikopta ikipita tulikuwa tunaacha mchezo wa neka katikati, mguu mmoja bado uko juu, tunaipungia mikono mpaka ipotee upande wa baharini. Mistari ya neka tulichora kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza ya shangazi, naye akiikuta alitukabidhi ndoo na fagio. Mchana tukirudi shule, magauni yamejaa vumbi jekundu, tulikula muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, halafu tukalamba vidole. Hakuna aliyekuwa na simu ya kupiga picha sahani yake. Watoto wangu leo chakula kinapoa wanakipiga picha, na wakimaliza wanasema hawana njaa.

Shangazi yangu, Atija, dada wa baba, aliuza viungo katika soko la Palma: bizari, iliki, pilipili manga, mdalasini. Alikuwa na mizani ndogo ya shaba yenye sahani mbili, na pua ambayo mji mzima uliiogopa. Mtu akileta bizari iliyochanganywa na unga, shangazi alinusa mara moja tu, akafunga kifuko, akamrudishia mwenyewe kwa mkono wa kulia na adabu zote. Kusoma hakujua. Alikuwa akisema, "Macho yangu yako puani."

Wageni walipoanza kumiminika kutafuta kazi za gesi, kila mwenye chumba cha ziada alikipangisha. Chumba cha shangazi alikipanga Celestino, fundi wa majenereta kutoka Beira, mtu mrefu, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha kuokoteza. Alikuja na sanduku moja la nguo na tundu moja kubwa. Ndani ya tundu alikuwamo kasuku wa rangi ya majivu mwenye mkia mwekundu kama pilipili mbivu. Jina lake Dotori. Alipiga mluzi, aliiga mlango unavyolia, na kila asubuhi alitusalimu "Bom dia" kwa sauti ya mwalimu mkali, nasi watoto tukamjibu kwa pamoja kama tuko darasani.

Siku moja Celestino akapewa kazi ya miezi kadhaa kwenye meli, na ndege haruhusiwi melini. Akamkabidhi shangazi tundu, pamoja na mfuko wa ração, kile chakula cha kiwandani kilichosagwa na kufinyangwa kuwa vidonge vidogo.

"Mama Atija, anakula hii na majani mabichi," alisema. "Nitarudi kumchukua."

"Ni amana," shangazi alijibu. "Nenda salama."

Mfuko ukaisha kabla Celestino hajarudi, na simu yake haikupatikana. Hapo ndipo tulipomharibu Dotori kwa mapenzi. Tulimpa karanga, mbegu za alizeti, vitumbua, wali wa nazi, hata ngozi ya samaki wa chumvi. Majirani walipita na vipande vya biskuti. Shangazi naye, sitaficha, alimpa karanga kwa mkono wake, maana ndege alizipenda, na mgeni anayekula vizuri humfurahisha mwenyeji. Dotori alinenepa, tukajisifu.

Kisha manyoya yakaanza kupauka. Akawa analala mchana, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyepanda mlima. "Bom dia" ikanyamaza. Asubuhi moja shangazi alimtazama kwa muda mrefu, akafunga kanga kiunoni, akaenda kwa afisa wa mifugo wa wilaya.

Afisa yule alikuwa kijana mkweli. "Shangazi, mimi ni wa mbuzi na ng'ombe," alisema. "Kasuku sikusomea. Lakini nina rafiki niliyesoma naye, anatibu ndege. Ngoja nimpigie."

Akapiga simu hapo hapo, na shangazi akasimama kusikiliza kila neno. Karanga na alizeti ni mafuta matupu, zinamchosha ini. Chumvi asipewe, kahawa asipewe, chokoleti asipewe, na parachichi ni sumu kwake. Arudishwe kwenye ração ya kasuku, pamoja na mchicha, majani ya maboga na karoti. Lakini asibadilishiwe chakula ghafla, kwa kuwa kasuku anaweza kugoma kula mpaka afe na huku bakuli limejaa mbele yake. Apimwe uzito kila asubuhi kabla hajala. Akipungua siku mbili mfululizo, arudishiwe kidogo alichozoea.

"Ana mizani huyo mama?" sauti iliuliza kwenye simu.

Afisa alicheka. "Huyu? Anayo ya kupimia iliki."

Shangazi aliagiza ração kwa mwenye duka mmoja wa Mocímboa da Praia, naye akaiagiza Pemba. Tulisubiri wiki baada ya wiki. Ulipofika ule mfuko juu ya lori, watoto tulipiga vigelegele. Shangazi alifungua mshono, akaingiza pua, akaitoa haraka: ukungu. Mvua ilikuwa imeunyeshea njiani.

Baba akasema, "Dada, chagua vilivyo vizima. Ndege mwenyewe anakwisha."

"Ukungu hauonekani wote, Amade. Unaouona ni ule uliokwisha kukomaa."

Jirani mmoja akaomba apewe yeye awalishie kuku wake. Shangazi akakataa. Alichimba shimo nyuma ya jiko akafukia mfuko mzima, kitu tulichokingoja kwa siku zote zile, na mimi nililia kwa hasira nikimwona anakanyaga mchanga juu yake. Wakati ule niliona ni ukaidi. Leo, nikiwa na watu wa kuwalisha, najua ugumu wa kutupa chakula pekee ulicho nacho kwa sababu tu hakifai.

Kesho yake alfajiri tulipanda gari kwenda Mocímboa, yeye na mimi. Nilikuwa kwinta klasi, yaani darasa la tano, nasoma Kireno vizuri, na kazi yangu ilikuwa kuwa macho yake. Duka lilikuwa karibu na bandari, limejaa harufu ya kamba mpya na dagaa. Mwenye duka, mzee mnene mcheshi, alileta kwanza mfuko wa chakula cha kuku.

"Chukua huu, mama. Ndege ni ndege."

"Soma," shangazi akaniambia.

Nikasoma: cha vifaranga, kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara, wasipewe wanyama wengine. Shangazi akausukuma pembeni. "Dawa ya mgonjwa mwingine hiyo."

Akaletewa miwili ya kasuku, iliyobaki dukani katika ule mzigo wa Pemba. Wa kwanza ulikuwa na vidonge vyekundu, kijani na manjano, vyenye umbo la matunda, na kidirisha cha nailoni cha kuvichungulia. Nilitamani kuvila mimi. Wa pili ulikuwa na vidonge vya kahawia, vya kuchusha, kama vumbi lililofinyangwa.

"Huu wa rangi, shangazi!" nilisema.

"Soma kwanza. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, afisa aliniambia."

Nikasoma. Mahindi. Sukari. Kisha majina marefu ya rangi yaliyonishinda kutamka.

"Sukari ya pili?" aliuliza. "Na rangi ya nini?"

"Ya kuvutia, mama," mwenye duka akajibu.

"Mimi nauza bizari miaka yote hii. Anayetia rangi anamdanganya mnunuzi. Kasuku hanunui, kwa hiyo hapa anayedanganywa ni mimi."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. Shangazi hakucheka. Akataka nisome wa pili: nafaka kadhaa, maharage ya soya, mboga zilizokaushwa, vitamini, sukari hakuna, rangi hakuna. Akaniuliza umetengenezwa lini na mwisho wake lini, nikamsomea. Akapapasa mshono wote kwa kidole, akauinua na kuvipima vidonge kwa nje, kama vinatosha kushikwa na ukucha wa ndege wa kimo chake. Mwisho akauweka puani, akaubonyeza upumue, akanusa. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Tulirudi Palma mfuko ukiwa mapajani mwangu, umefungwa kwa nailoni na kanga mbili, na wingu lilipotanda alinivua hata mtandio wangu akaufunikia.

Tulidhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza. Shangazi alimfundisha Dotori kusimama kwenye sahani ya mizani. Upande wa pili aliweka mawe yake ya shaba na punje za pilipili manga za kusawazisha. Alichanganya vidonge vichache na mbegu nyingi, akikusudia kuongeza kimoja na kupunguza kingine polepole. Dotori alivitoa vidonge kimoja kimoja kwa mdomo, akavidondosha chini huku akitutazama. Karanga alizinyimwa kabisa, akazililia, kilio chembamba kama cha mtoto mchanga. Siku ya tatu moyo ulinishinda. Shangazi alipokwenda sokoni, nilimpa karanga tano. Kesho yake nikampa tena, na siku iliyofuata.

Uzito kwenye mizani ukapanda. Shangazi akafurahi mpaka akaniimbia. "Umeona? Anakula vidonge! Kesho naziondoa mbegu zote."

Nilikumbuka maneno ya kwenye simu aliyotusimulia, kwamba anaweza kugoma mpaka afe. Nilijua yeye angeondoa mbegu kwa kuamini jambo ambalo mimi najua ni uongo. Nikamfuata jikoni, nikasema yote, nikafumba macho nikingoja kofi.

Halikuja. Nilipofumbua alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya nazi, mikono imelegea.

"Nacha," alisema, "mizani ile nimeiamini tangu ujana wangu kwa kuwa haijui kusema uongo. Leo umeifundisha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo ya mwalimu yeyote. Akainuka, akachukua bakuli, akatia vidonge. "Haya. Wewe na mimi tutakula mbele yake. Ndege huyu huiga kila kitu. Ataiga na hili."

Tukakaa mkekani mbele ya tundu lililo wazi. Shangazi akatia kidonge mdomoni, akatafuna kwa sauti. "Mmm! Tamu, wallahi." Vilikuwa na ladha ya pumba na boksi. Watoto wenzangu wakaja, kila mmoja akapewa chake, tukawa duara zima tunatafuna na kusifu. Jirani Muanaiche akachungulia uani.

"Atija! Umekuwa kuku?"

"Karibu chakula, jirani," shangazi alijibu, mdomo umejaa.

Tulifanya hivyo siku nne. Wengine mtaani walisema gesi imewaingia watu kichwani. Siku ya tano asubuhi Dotori alishuka kutoka tundu, akatembea mkekani kwa hatua zake za kibwana mkubwa, akasimama mbele ya bakuli la shangazi. Akachukua kidonge kwa ukucha, akakizungusha, akakimega. Akachukua cha pili. Shangazi machozi yalimtoka, akaendelea kutafuna asije akamshtua.

Ilichukua muda, lakini manyoya yalirudi kung'aa, mkia ukawa mwekundu tena, na asubuhi moja "Bom dia" ikatushtua sote tukiwa kwenye chai. Mwisho wa masika Celestino akarudi, amekonda, ndevu zimemjaa. Dotori alimpandia begani akamvuta sikio. Fundi yule alisikia habari yote, akainama.

"Mama, abaki kwako. Umemlea kuliko mimi."

"Mwenye amana akifika, amana inaondoka," shangazi alisema. Akampa karatasi niliyoandika kwa Kireno yeye akinitajia: vidonge vya aina gani, nini kisomwe kwenye mfuko, vinuswe vipi, vihifadhiwe pakavu, mboga zipi, sumu zipi. Akampa na mfuko uliobaki. Celestino alipofika kona, shangazi aliingia ndani akafunga mlango, na siku ile hakufungua biashara.

Sasa tuko Pemba. Vita vilitutoa Palma kama vilivyowatoa wengi, kila mtu na alichoweza kubeba. Vijana wa leo wakitaka kununua kitu wanauliza simu, wakiona nyota tano wanaridhika, na mimi mwenyewe ni hivyo hivyo, siwacheki kwa mbali. Tukikutana watu wa zamani, mazungumzo huenda kwenye yale tuliyoambiwa yanakuja: barabara, kazi, umeme kila nyumba. Wanaume hubishana nani aliahidi nini. Juzi mmoja alimgeukia shangazi, ambaye siku hizi haoni vizuri, akamuuliza yeye anakumbuka nini cha miaka ile ya gesi.

Shangazi akafikiri kidogo. "Nakumbuka asubuhi alipochukua kidonge cha pili," alisema.

Wakatazamana, hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikamshika mkono.