Uso Niliompa Baba

Kabla ya kuja Maskati nilimjua mwimbaji mmoja wa Meksiko kuliko nilivyomjua baba yangu mzazi. Baba alikuwa mwendesha mashine ya kuonyesha filamu katika sinema moja ya mjini Unguja. Alitoka nyumbani alasiri tukiwa chuoni kusoma Kurani, akarudi tushalala. Asubuhi tulipoondoka kwenda skuli, yeye ndiye aliyekuwa amelala, shuka kajifunika hadi kichwani kwa ajili ya mwanga. Tulikaa naye Ijumaa mchana tu, na Ijumaa mchana hakutusimulia habari zake. Alitusimulia habari za mwimbaji yule.

Filamu za Kimeksiko zilikuja chache, ndani ya masanduku ya bati. Mwenye sinema alizichukua kwa kuwa hazikuwa ghali. Lugha yake hakuna aliyeijua, lakini watu walijaa kwa ajili ya farasi na nyimbo. Karani wa pale alikuwa Mgoa aliyesoma Kireno, akasema lugha zile mbili zinakaribiana. Majarida yaliyokuja pamoja na filamu aliyasoma kwa kubahatisha, akamwambia baba, na baba akatwambia sisi huku anakula muhogo wa nazi. Kwa hiyo yale tuliyoyasikia yalikuwa yamepita vinywa viwili, na sijui ni mangapi yalikuwa ya kweli.

Mwimbaji alikuwa mtoto wa mwoka mikate. Alipokuwa na miaka kumi alibeba barafu begani, akiwapelekea wachuuzi wa samaki sokoni, na aliimba ili asahau baridi. Kinyozi mmoja alimsikia akampeleka kwenye radio. Kule walimrudisha, wakasema matamshi yake ni ya shamba. Akarudi mara ya pili, mara ya tatu, mpaka siku moja mwimbaji wao akaugua, na hawakuwa na mwengine mlangoni ila yeye. Baada ya radio zikaja filamu. Katika filamu zote alikuwa mpanda farasi hodari, lakini baba alituapia kwamba kabla ya filamu ya kwanza hajapata kukaa juu ya mnyama yeyote, na kwamba walimfunga miguu kwa kamba asianguke. Hapo ndipo baba alipokuwa akicheka, na kicheko chake nakikumbuka.

Kisha akaugua koo. Madaktari walimpasua, akapona, lakini sauti haikurudi. Filamu ya mwisho aliicheza bila sauti. Alichezesha mdomo tu, na kijana mwengine aliyefichwa akamwimbia. Watu wa Unguja hawakutambua. Baba alitambua, na kila alipoionyesha filamu ile alikuwa hatazami kitu ila mdomo. Haukupita muda mwimbaji akafa, na mji wao mzima, kwa maneno ya yule karani, ulifunga maduka. Baba alilisimulia hilo kama anayesimulia msiba wa jamaa.

Januari ya mwaka wa sitini na nne, siku za mapinduzi, baba alitoka kwenda kuangalia sinema yake imesalimika au vipi. Hakurudi. Siku ya nne jirani alikuja akatwambia tusimtafute. Mama alikwishafariki siku aliyomzaa mdogo wetu wa mwisho. Tukabaki watatu: mimi wa miaka kumi na tano, ndugu yangu mwanamume wa miaka kumi, na yule mdogo wa kike aliyekuwa hajafika hata mitatu. Skuli niliiacha hapo hapo.

Shangazi yake baba alikuwa Sidab, nje ya ukuta wa Maskati. Sisi tulimwita Bibi. Ndiye aliyekwenda kwa wakubwa akatusimamia, akasema hawa damu yangu, na tukaruhusiwa kuingia wakati wengi walikataliwa. Tulishuka melini na furushi la nguo na kopo moja la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, pete ya mama, na kadi ya picha ya yule mwimbaji ambayo karani alimpa baba. Sijui nani aliitia. Picha ya baba hatukuwa nayo. Ilikuwa moja tu, ya harusi, nayo ilibaki ukutani katika nyumba isiyo yetu tena.

Maskati ya wakati ule haikuwa na sinema. Muziki ulikatazwa, na aliyekuwa na radio aliifungulia ndani, chini kwa chini. Mimi nilijifunza kwa Bibi kushona kofia, zile za kutobolewa tundu moja moja kisha kila tundu likazungushiwa uzi. Kofia moja ilinichukua mwezi na zaidi. Watoto wa Sidab waliwaita ndugu zangu Zinjibari, na yule mdogo walimuuliza baba yake nani, maana kila mtoto pale alitajwa kwa jina la baba yake. Mdogo wangu jina alilijua, uso hakuujua. Akaja kuniuliza mimi yukoje baba. Nikamwambia mrefu. Akasema mrefu kama nani?

Siku moja, akiwa na miaka minne, alifungua kopo. Alinijia nimekaa na kofia, kaishika kadi kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya kifuani, bila ile kofia pana ya kwenye filamu. Shati jeupe, nywele zimelazwa nyuma kwa mafuta, masharubu membamba, nyusi moja imeinuka kidogo. Angeweza kuwa mwanamume yeyote wa Unguja aliyetoka kwa mpiga picha siku ya Idi.

Akasema, "Dada, huyu ndiye Baba?"

Sikusema ndiye. Niliitikia kwa kichwa tu. Kisha nikaichukua kadi, nikachukua mkasi wa kazi yangu, nikaukata ukingo wa chini ulioandikwa jina la mwimbaji.

Nilidhani ni jambo la siku ile. Lakini mtoto akishapewa uso hutaka na habari zake. Kila siku alikaa karibu na goti langu akasema, nihadithie Baba. Nami wa kumhadithia nilikuwa na nini? Shuka iliyofunika kichwa, muhogo, kicheko. Za mwimbaji nilikuwa nazo nyingi. Nikaanza na barafu, maana Unguja nako kulikuwa na barafu, na watu waliibeba. Nikaingiza kinyozi, radio, na farasi. Alipouliza mbona Baba hatuletei salamu, nikampa koo. Nikamwambia aliugua, sauti ikakatika, kisha Mungu akamchukua. Hapo aliniuliza kama ilimuuma. Nikamwambia haikumuuma.

Ndugu yangu wa kiume alijua. Aliniacha mwaka mzima, kisha akanivaa tukiwa kisimani.

"Unamlea mtoto na baba wa sinema," alisema. "Kesho utamwambia mama ni nani? Malkia wa Misri?"

Nikamwambia anyamaze, akikua nitamwambia. Akasema baba hakuwa na masharubu. Nikasema alikuwa nayo. Akasema hakuwa nayo, alinyoa, nasi tulikuwa tukimletea maji ya moto. Tulibishana pale ndoo zimejaa, mpaka nikaiweka ndoo chini, kwa sababu nilipomtafuta baba kichwani mwangu nilimwona na masharubu, na nyusi moja imeinuka. Ndugu yangu naye alipunguza sauti. Akasema, labda alikuwa nayo. Hatukulizungumza tena. Alipofika miaka kumi na minne alikwenda Bahareni kutafuta kazi, na barua zake zilikuja bila neno la baba.

Bibi alikuwa hataki picha ndani ya nyumba. Malaika hawaingii penye picha, ndivyo alivyoshika, na kopo tulilificha. Lakini mdogo wetu alipoanza kujua Yasini alitaka kumsomea Baba kila Alhamisi, na alitaka kusoma kadi ikiwa mbele yake juu ya mkeka. Bibi akamfuma. Nilikimbia kutoka jikoni nikijua leo yote yatatoka. Bibi kauliza ni nini hiki, na mtoto kamjibu kwa furaha kwamba ni Baba.

Bibi alimwacha baba Unguja akiwa mtoto wa kutambaa. Aliipeleka kadi dirishani, akaisogeza karibu na macho yake mabovu, akaishusha, akaisogeza tena. Kisha akaanza kulia.

"Kafanana na babake," alisema. "Nnamwona kaka yangu mtupu. Angalia paji hili. Angalia na midomo."

Pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono ina unga, na maneno yalikuwa machache tu. Lakini mwanamke yule aliyetuombea kwa wakubwa alikuwa akimbusu mgeni wa Meksiko kwenye paji la uso, na mtoto alikuwa amemshika nguo akimwambia usilie Bibi. Nikarudi jikoni. Tangu siku ile Bibi mwenyewe ndiye aliyesema kadi itolewe Alhamisi. Tulikaa watatu, tukamsomea Yasini, tukamwombea nuru kaburini mwake. Mimi katika nia yangu nilimtaja baba kwa jina lake kamili, na jina la baba yake, na la babu yake, nikihofu dua isije ikapotea njia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kadi kama macho yao. Miaka miwili ya Alhamisi ni Alhamisi nyingi. Bibi alikufa katika hali hiyo, akiamini, na nilimwosha bila kumwambia.

Mwaka wa sabini mambo ya Maskati yakabadilika, na watu wetu waliotawanyika wakaanza kuingia. Kila wiki palikuwa na mtu aliyefika kutoka Kuwait, au Misri, au Unguja kwenyewe. Mwezi wa kumi akaja mzee mmoja kutupa pole ya baba aliyetutoka miaka sita nyuma. Alikuwa akichana tikiti pale pale sinema. Mimi nilimsikia akijitambulisha nikiwa nyuma ya pazia, na kabla sijamwita mdogo wangu kando alikuwa keshatoka na kadi. Alikuwa na miaka tisa, kichwa kakifunga vizuri kwa ajili ya mgeni.

"Ammi," alimwambia, "unamkumbuka?"

Mzee alicheka kwa furaha, kama mtu aliyeonana na rafiki.

"Simkumbuki vipi, mwanangu? Huyu si yule mwimbaji wa Meksiko? Watu walikuwa wakiniparamia mlangoni kwa ajili yake. Mmempata wapi huku?"

Hakufanya kosa lolote. Hakujua.  Mdogo wangu aliitazama kadi, akanitazama mimi pale pazia lilipokuwa limefunguka, na mimi sikuweza kuinua uso. Mzee alikunywa kahawa yake, akasimulia habari za njiani, akaondoka na dua, kwani siku ile ile alikuwa na safari ya mbali.

 Alasiri nilikuwa nashona, matundu yakawa hayaonekani. Mdogo wangu akaja akakaa mbele yangu, si ubavuni alikozoea kukaa.

"Haya, niambie," alisema. "Baba alikuwaje?"

"Alikuwa mtu mwema."

"Sijauliza hayo. Nnauliza uso wake."

Nilimwambia mrefu. Akangoja. Nikafumba macho nikamtafuta baba kwa nguvu zangu zote, chumbani, jikoni, mlangoni siku ile anatoka mara ya mwisho na mimi ndiye niliyemfungulia komeo. Aligeuka akaniambia niwaangalie wadogo zangu. Na aliyegeuka alikuwa na shati jeupe, nywele za mafuta, na masharubu membamba. Nilimwona mwimbaji akitumia sauti ya baba yangu. Nikafumbua macho.

"Sikumbuki," nilimwambia. "Nilikuwa nnamkumbuka. Sasa simkumbuki."

Alinitazama kama anayetaka kujua kama huo nao ni uongo. Kisha akasimama akaenda zake uani. Hakunililia, wala hakunitukana. Kama angenitukana ningepata la kushika.

Tangu hapo haniulizi kitu chochote cha kabla ya Maskati. Anawauliza wanaokuja. Akisikia mtu kapata mgeni kutoka Unguja, awe wa hapa Sidab au wa kule mbali Hamriya, atasimama kibarazani kwa adabu mpaka aitwe ndani, ataje jina la baba, aulize alikuwa na sura gani. Mmoja alimwambia alikuwa mweupe. Mwengine alimwambia maji ya kunde, na mfupi. Bibi mmoja alimwelezea vizuri sana kwa nusu saa, kumbe alikuwa akimsema mtu mwengine, wa Pemba. Wengi wanamwambia mwendesha mashine alikuwa juu, gizani, nao walikuwa wanatazama mbele.

Mimi humsindikiza, kwa kuwa ni mtoto wa kike na njia ni ndefu. Yeye hukaa karibu na mgeni. Mimi hukaa na wanawake karibu na mlango, nimeshika kofia yangu na sindano, na anapouliza swali lake huacha kushona, nikasikiliza.