Pikipiki Iliyonifuata Hadi Nyabiondo
Mimi, niliyerudi Masisi na diploma niliyojilipia mwenyewe, nilimwahidi baba mkwe mbuzi wa mshindi wa mbio za kwenda Nyabiondo. Siku moja kabla ya mbio nilikimbia vilimani kujionyesha, basi katikati ya mbio miguu iligoma. Nikajificha kwenye shamba la mihogo kukanda miguu. Niliporudi barabarani, katika ukungu, sikuona mtu. Nikaamini nimewaacha wote.

Ila pikipiki moja ilinifuata. Nikipunguza mwendo, nayo inapunguza. Nikashuku imetumwa na wapinzani wangu.

Nilipofika Nyabiondo nikamwonyesha dereva wa pikipiki kwa kidole, nikapiga kelele mbele ya watu: “Huyu motari ananipeleleza!”

“Nikupeleleze nini, Papa?” akacheka. “Mimi njo nafuataka muntu wa mwisho, akianguka nimubebe.”

Baba mkwe akakunja kamba aliyoleta ya kufungia mbuzi.