Tulimpeleka Kabula, akalazwa Baba

Jamani, tulimpeleka dada hospitali, akalazwa baba!

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi Ngokolo, Shinyanga. Dada yangu Kabula ana ualbino, na kidonda cha sikioni kilikuwa kimegoma kupona. Tukaenda naye hospitali ya rufaa.

Njia nzima Baba anamfokea: "Vaa kofia! Kaa kivulini!"

Daktari akalichunguza sikio. "Si saratani. Ila jua uliogope."

Tukashusha pumzi. Baba akainuka kuaga, akichechemea. (Sisi tulidhani ni uzee.)

"Mzee, mguu una nini?"

"Yaya," Baba akakataa kwa Kisukuma, "hamna kitu. Kovu tu la moto, la utotoni."

"Hebu nione."

Lo! Katikati ya kovu, kidonda kibichi. Alikificha tangu msimu wa pamba uliopita!

Walipokipima wakakuta saratani ya ngozi, bado haijasambaa. Wakaikata yote, wakapandikiza ngozi ya paja.

Kabula ndiye aliyemuuguza. Kila asubuhi: "Shikamoo Baba. Lete mguu."

"Marahaba, daktari wangu."

Alipona kabisa. Lakini kila Jumapili kabla ya misa alipandisha suruali akaguliwe, hata mbele ya wageni!

Kwenu nani anaficha kidonda? Mtajeni hapa.